Tewkesbury, Julai 2007: mji uliozingirwa na maji ukakosa maji

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 22 Julai 2007, mafuriko yaliingia kwenye mtambo wa kusafisha maji wa Mythe, ulio kando ya mto Severn, kaskazini kidogo ya mji wa Tewkesbury nchini Uingereza. Mtambo ukasimama. Watu wapatao 350,000 wa mkoa wa Gloucestershire wakabaki bila maji ya bomba, wengine kwa siku 17. Wengi wao hawakuguswa na mafuriko yenyewe. Walikuwa Cheltenham na vitongoji vya Gloucester, ndani ya nyumba kavu ambazo madirishani mwake mto Severn hauonekani, na bado bomba lilikauka.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha mvua kubwa, na mvua kweli ilikuwa kubwa. Lakini kila ninapokipitia naona mvua inaeleza nusu yake tu. Tewkesbury ni mji uliokaa na mito yake kwa zaidi ya miaka mia tisa na kujifunza tabia zake. Kilichowaumiza watu wengi zaidi mwaka 2007 kilitoka kwenye mpangilio wa karne za karibuni: maji ya miji mitatu, Tewkesbury, Cheltenham na Gloucester, kupita mlango mmoja, na mlango huo kuwekwa ukingoni mwa mto.

Mahali penyewe

Tewkesbury uko pale ambapo mto Avon, ule unaotoka Warwickshire, unaingia kwenye Severn. Severn ni mto mrefu kuliko yote Uingereza. Unaanzia milimani Wales na kusafiri kilomita zipatazo 354 hadi baharini upande wa Bristol. Mvua ikinyesha Wales, maji yake huchukua siku kadhaa kufika Tewkesbury, kwa hiyo mafuriko ya Severn yana hodi: watu hupata muda wa kupandisha vitu ghorofani na kuhamisha gari. Vijito ndivyo visivyobisha. Swilgate hupita nyuma ya abasia, yaani kanisa la iliyokuwa nyumba ya watawa, na Carrant hushuka upande wa kaskazini. Mvua kali ikipiga vilima vya karibu, vijito hivyo hufurika ndani ya saa chache.

Upo pia mkondo wa Mill Avon, uliochimbwa enzi za kati ili kuzungusha mawe ya kinu cha watawa. Kati ya mkondo huo na Severn kuna uwanda wa nyasi unaoitwa Severn Ham, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 70. Uko hatua chache kutoka barabara kuu ya mji. Katika nchi ambayo ardhi ya kujenga hugombewa, uwanda huo umebaki mtupu. Nyasi zake hukatwa kiangazi, kisha mifugo huingizwa kwa haki za malisho za tangu zamani, ambazo Bunge lilizipangia utaratibu kwa sheria ya mwaka 1808. Mito ikipanda, Ham hujaa kwanza na kugeuka ziwa, na maji yanayotulia pale ni maji ambayo hayajaingia sebuleni kwa mtu. Hakuna mhandisi aliyeuchora kwa kazi hiyo. Watu waliona maji yanapopenda kukaa, wakapaacha kwa ng'ombe na nyasi.

Athari ya pili ya mito inaonekana ukitembea mjini. Barabara kuu ni tatu tu, High Street, Church Street na Barton Street, nazo hukutana katikati. Mji ulipoongezeka watu haukuweza kutanuka, kwa sababu pande karibu zote ni maji au ardhi inayofurika. Wakajenga ndani kwa ndani: nyuma ya kila nyumba ya barabarani, kwenye kiwanja chembamba kirefu, zikapangwa nyumba ndogo ndogo, na kichochoro kimoja chembamba kikawa njia ya wote. Vichochoro vipatavyo thelathini vipo hadi leo. Kimoja kinaelekea kwenye nyumba ya zamani ya mbao ambayo katika karne ya 17 Wabaptisti waliigeuza kuwa mahali pa ibada. Maisha ya vichochoro hivyo yalikuwa ya kubanana, mlango kwa mlango, na magonjwa yalisafiri haraka. Kipindupindu kiliupiga mji katika karne ya 19, kama kilivyoipiga miji mingi ya Uingereza, na ndiyo sababu maji ya bomba yalipokelewa kama wokovu. Visima vya uani vikaachwa. Ulikuwa uamuzi mwema, uliookoa watoto wengi. Ila mji ukaacha pia kuwa na maji yake ya karibu.

Kanisa walilolinunua wenyewe

Huwezi kuuelewa mji huu bila abasia yake. Jengo lililopo lilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 11, likawekwa wakfu mwaka 1121, na mnara wake wa mawe una urefu wa meta zipatazo 45. Watawa wa Mtakatifu Benedikto waliliweka juu ya mwinuko. Mwinuko wenyewe ni mdogo, mgeni anaweza kupita asiutambue, lakini mafuriko huutambua.

Mei 4, 1471, mto uliamua historia hapa. Koo mbili, Lancaster na York, zilikuwa zikipigania kiti cha ufalme, na Malkia Margaret wa upande wa Lancaster alikuwa akikimbilia Wales kuungana na washirika wake, naye alihitaji kuvuka Severn. Mji wa Gloucester ulimfungia milango. Jeshi lake likatembea hadi Tewkesbury likitafuta kivuko, limechoka, na huko Mfalme Edward wa Nne wa upande wa York akalifikia. Mwana wa malkia, mwenye umri wa miaka 17, aliuawa na kuzikwa ndani ya abasia. Askari walioshindwa walikimbia kuelekea majini, wengi wakauawa kwenye uwanda ambao tangu siku hiyo huitwa Uwanda wa Damu. Kila Julai wenyeji na wageni huigiza vita hivyo katika tamasha kubwa, na bendera za makabaila waliopigana hutundikwa juu ya maduka ya barabara kuu.

Lakini tukio ninaloliheshimu zaidi ni la mwaka 1540. Mfalme Henry wa Nane alikuwa akifunga nyumba za watawa nchi nzima, na maofisa wake waliliorodhesha kanisa la Tewkesbury kati ya majengo yasiyohitajika. Majengo ya namna hiyo yalivuliwa madini ya risasi yaliyofunika paa, kengele zikayeyushwa, mawe yakabebwa. Watu wa Tewkesbury walisimama na kusema kwamba sehemu ya kanisa lile ni parokia yao, hapo ndipo wanaposali. Wakatakiwa kulipa thamani ya risasi na kengele, pauni 453. Mji mdogo wa wafanyabiashara na mafundi ukazikusanya, ukalipa, na kanisa likabaki kuwa lao. Naikumbusha habari hii kwa sababu inaonyesha mji huu ni wa watu wa namna gani inapobidi kuchangia jambo la wote, na jambo hilo lilirudi kuhitajika mwaka 2007.

Siku zile tatu

Miezi ya Mei hadi Julai 2007 ilikuwa na mvua nyingi kuliko kipindi kama hicho katika mwaka wowote, England na Wales, tangu vipimo vilipoanza mwaka 1766. Juni ilikuwa tayari imeziharibu Hull na Sheffield kaskazini. Ardhi ilikwisha kunywa ikashiba.

Ijumaa, Julai 20, mvua ikateremka kwenye bonde la Severn na Avon kwa nguvu iliyojaza mifereji kabla ya jioni. Vijito vilifurika kwanza. Barabara zikafungwa moja baada ya nyingine, na usiku ule watu wapatao 10,000 walilala ndani ya magari yao, wengi wao kwenye barabara kuu ya M5. Shule zilikuwa zinafungwa kwa likizo ya kiangazi wiki hiyo, kwa hiyo magarini mlikuwa na familia nzima.

Jumamosi baadhi ya watu walidhani mabaya yamepita, kwa kuwa mvua ilipungua. Ndipo mito mikubwa ikafika. Jumapili Severn ilipimwa Mythe ikiwa meta 5.43, juu kuliko mafuriko ya Machi 1947, yale ya theluji iliyoyeyuka, ambayo kwa miaka sitini yalikuwa ndiyo kipimo cha balaa katika bonde lile. Barabara zote kuu za kuingia Tewkesbury zikawa chini ya maji. Helikopta za jeshi ziliokoa watu juu ya mapaa. Picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya abasia kutoka angani: kanisa limesimama juu ya kipande cha kijani, na pande zote ni maji ya kahawia hadi upeo wa macho. Maji kidogo yaliingia hata ndani ya kanisa, jambo lililokuwa halijatokea tangu mwaka 1760.

Watu watatu walipoteza maisha Tewkesbury. Wawili kati yao walikuwa katika kazi ya kutoa maji kwa pampu.

Saa hizo hizo vituo viwili vya umeme vilikuwa hatarini upande wa Gloucester. Castle Meads kilizimwa, na watu wapatao 42,000 wakakaa gizani hadi siku iliyofuata. Walham kilikuwa kikubwa zaidi, kikihudumia watu wapatao nusu milioni. Askari, wanamaji na kikosi cha zimamoto walikizungushia ukuta wa muda na kuyavuta maji kwa pampu, wakashinda kwa tofauti ndogo sana ya kimo cha maji. Kama Walham kingeanguka pamoja na Mythe, sehemu kubwa ya mkoa ingekosa maji na umeme kwa mpigo, na pampu za kurudisha maji zingekosa nguvu. Kiongozi yeyote wa mji ulio bondeni angefaa kuipima sentensi hiyo kwa makini.

Siku kumi na saba

Maji yaliyobaki kwenye matangi na mabomba yaliisha upesi. Sheria ya dharura ilizitaka kampuni za maji kumpatia kila mtu angalau lita 10 kwa siku. Linganisha na lita zipatazo 150 ambazo mtu wa kawaida Uingereza alizitumia kwa siku wakati huo. Lita 10 zinatosha kunywa, kupika kidogo na kunawa uso. Choo kimoja kikivutwa mara moja kinaweza kumeza zaidi ya nusu yake.

Maboza zaidi ya elfu moja, yaani matangi ya maji ya kuvutwa, yalisambazwa mitaani. Uwanja wa mbio za farasi wa Cheltenham ukageuzwa ghala la maji ya chupa, askari wakipakia malori usiku na mchana. Hata hivyo boza kujazwa ni jambo moja na boza kuwa na maji ni jingine: mengi yalikauka kabla lori la kujaza halijarudi, na barabara nyingine zilikuwa bado zimefunikwa. Mtu mwenye gari na mgongo wenye nguvu aliweza kutafuta boza jingine. Mzee anayeishi peke yake ghorofa ya pili, mama mwenye kichanga, mgonjwa wa kitandani, hao hawakuweza. Hakuna orodha ya kampuni iliyowajua wote.

Hapa mji ulifanya kilichozoeleka kwake. Jirani alimbebea jirani. Makanisa, vyama vya mitaa na halmashauri vilipeleka chupa mlangoni kwa waliojulikana kuwa dhaifu, na katika mji wa vichochoro watu hujulikana. Nasema hivi bila kutaka kuupamba ujirani. Ujirani hauwezi kusafisha maji ya mto yaliyochanganyika na majitaka na mafuta. Lakini kwa wiki mbili na siku kadhaa ulikuwa kiungo cha mwisho kati ya lori na mgonjwa, na kiungo hicho hakikuwemo kwenye mpango wowote ulioandikwa.

Ndani ya Mythe kazi ilikuwa kutoa maji, kusafisha mashine, kukausha mitambo ya umeme, kisha kujaza upya mabomba ya miji na kuyaua vijidudu. Maji yalirudi kwa hatua, kwanza ya kuvuta chooni tu, na Agosti 7 ndipo ilipotangazwa kwamba yanafaa tena kunywewa na wote.

Lawama ziende wapi

Baada ya mafuriko watu wengi walitaka mto uchimbwe uwe na kina. Naelewa hasira iliyoko nyuma ya ombi hilo. Kwa makutano ya Tewkesbury, hata hivyo, dawa hiyo ni dhaifu. Kutoka hapo hadi baharini bonde ni tambarare, Severn haina mteremko wa kuyakimbiza maji, na kwenye maji makuu ya mwezi bahari husukuma kwenda juu hadi karibu na mji wenyewe. Ukichimba sakafu ya mto, shimo hujaa tope, na ujazo uliokuja Julai 2007 ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko nafasi ambayo ungeipata.

Wengine waliwalaumu wajenzi wa nyumba mpya kwenye ardhi ya mafuriko. Hapo wana hoja nzito. Kila uwanda unaowekewa lami na msingi wa zege unamnyima mto mahali pa kupumzika, na maji hayo huenda kwa mwingine. Mji wa kale wenyewe unatoa ushahidi: abasia na sehemu za juu za barabara kuu ziliteseka kidogo kuliko mitaa iliyowekwa chini zaidi baadaye. Sioni kwa nini mtu aombe ushahidi mwingine wakati Severn Ham iko pale.

Lakini hata kama nyumba zote mpya zisingejengwa, watu 350,000 wangekosa maji. Hilo ndilo linalonifanya nirudi Mythe. Mtambo uliwekwa kando ya Severn kwa sababu ya haki kabisa, kwamba maji yanatoka Severn. Miji ikakua, mabomba yakarefushwa, Cheltenham na Gloucester zikazidi kutegemea, na hapakuwepo bomba jingine lenye uwezo wa kuwafikishia maji kutoka kwingine. Kila hatua peke yake ilikuwa ya busara na ya gharama nafuu. Hakuna aliyekaa mezani akaamua kwamba mlango uwe mmoja. Ulikuja kuwa mmoja polepole. Maji yakazidi unga siku moja, na kila mtu akagundua kwa pamoja.

Serikali ilimteua Sir Michael Pitt kuchunguza. Taarifa yake ya mwaka 2008 ilikuwa na mapendekezo 92, na mengi yalihusu jambo hili hasa: kujua ni mitambo ipi ya maji na umeme iliyo njiani mwa mafuriko, nani anaijua, na nini kitatokea ikizimika. Mwaka 2009 kituo cha pamoja cha utabiri wa mafuriko kilianzishwa, kikiunganisha wataalamu wa hali ya hewa na wataalamu wa mito, ambao kabla ya hapo walitoa tahadhari zao kila upande peke yake. Mwaka 2010 ikaja sheria mpya ya mafuriko na maji, iliyozipa halmashauri za mikoa jukumu la wazi juu ya mafuriko ya vijito na ya juu ya ardhi, yaani yale yale ya Ijumaa ya Julai 20 ambayo awali hayakuwa na mwenyewe.

Kampuni ya maji ilijenga ukuta kuzunguka Mythe na kulaza mabomba mapya ili miji iweze kupata maji kutoka upande mwingine. Picha za magazeti ziliupenda ukuta. Kwangu mimi mabomba ndiyo marekebisho yenyewe. Ukuta una kimo, na ipo siku mto unaweza kukipita. Bomba la pili linafanya kazi hata siku hiyo.

Mji wenyewe haukujengewa ukuta mkubwa wa kuuzingira. Ulinzi uliobaki ni wa nyumba kwa nyumba, na kwenye nyumba za mbao za karne ya 15 na 16 unahitaji subira. Soketi za umeme hupandishwa juu ukutani. Sakafu ya zulia inabadilishwa kuwa ya mawe au vigae. Mlangoni huwekwa reli za kushikia ubao wa kuzuia maji. Kuta za chokaa na udongo zinaachwa zikauke taratibu kwa miezi, maana ukizipaka saruji unyevu hunaswa ndani na kuozesha nguzo. Mafundi wanaojua kazi hiyo si wengi, na haraka imeharibu nyumba nyingine kuliko mafuriko yalivyozifanya.

Mafuriko makubwa yamerudi, mwaka 2014, 2020 na Januari 2024, na kila mara abasia imeonekana tena angani ikiwa kisiwa. Mabomba ya Cheltenham na Gloucester hayakukauka. Suala lililobaki zito ni bima. Tangu Aprili 2016 Uingereza ina mfuko unaoitwa Flood Re, ambao kampuni za bima huuchangia ili nyumba zilizo kwenye hatari ziweze kukatiwa bima kwa bei inayolipika. Nyumba zilizojengwa tangu mwaka 2009 hazimo, kwa makusudi, ili mfuko usiwe kishawishi cha kujenga bondeni. Biashara nazo hazimo, na kwa hiyo mwenye mgahawa au duka la vitabu Church Street anajitegemea, ingawa yuko chini ya paa moja na mpangaji wa juu ambaye huenda amelindwa. Mfuko wenyewe umepangiwa kufungwa mwaka 2039, kwa matumaini kwamba kufikia hapo nyumba zitakuwa zimeimarishwa vya kutosha kulipiwa bima kwa bei ya soko. Kwa nyumba za vichochoro vya Tewkesbury, sijaona bado nani atalipia kazi hiyo.